Mashine ya Kukatia Majani: Jinsi ya Kuinoa na Kuitunza



Leo twataka kueleza habari za chombo ambacho wengi wamekiona, lakini ni wachache waijuao tabia yake. Chombo hicho ni mashine ya kukatia majani isukumwayo kwa mikono, yenye visu vilivyopindwa na kuzungushiwa mhimili mfano wa ngoma. Haili petroli wala haitaki umeme. Nguvu yake ni miguu na mikono ya yule aisukumaye. Kwa sababu hiyo yafaa sana katika shule, zahanati, na nyumba za ibada, mahali ambapo uwanja ni mkubwa na fedha za mafuta ni haba.

Walakini mara nyingi mashine ya namna hii hutumika kwa misimu miwili au mitatu tu, kisha hulazwa ghalani katikati ya madawati yaliyovunjika. Ukiuliza sababu utajibiwa, "Haikati tena." Basi wanafunzi hurudishiwa mafyekeo yao, na mali iliyonunuliwa kwa fedha za watu wote huliwa na kutu. Aghalabu mashine hiyo si mbovu. Imekosa usafi, matone machache ya mafuta, na mtu wa kuzungusha skrubu mbili kwa kadiri ipasayo. Wazee walisema, "Kinolewacho hupata." Nasi twaongeza kwamba chombo hiki huhitaji kurekebishwa mara nyingi kuliko kunolewa, na asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili hukiharibu kwa tupa huku akidhani anakiponya.

KWA NINI TUKATE MAJANI WALA TUSIYANG'OE

Kabla ya kushika spana, na tutazame kwanza faida ya kazi yenyewe. Kuna watu wasemao, "Uwanja safi ni uwanja mtupu," na kila wiki hupalilia kwa jembe mpaka udongo ubaki wazi, kisha huufagia. Uwanja wa namna hiyo hupendeza macho, hasa penye nyoka. Lakini katika mkoa wa Singida, ambako udongo wa mahali pengi ni wa kichanga uliotokana na kumumunyuka kwa mawe makubwa ya granaiti, desturi hiyo ina hasara. Mvua huja katika msimu mmoja, yapata kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni milimita 500 hadi 800 hivi. Si mvua nyingi, lakini huweza kunyesha kwa kishindo. Ikiukuta udongo uchi, huuchukua. Baada ya miaka kadhaa utaona mizizi ya miti imetokeza, na msingi wa nyumba uliokuwa chini ya ardhi sasa unaonekana.

Majirani zetu wa Kondoa, katika mkoa wa Dodoma, waliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Ardhi ililika mpaka ikawa makorongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha kazi ya hifadhi ya ardhi iliyojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika. Majani yalipopata nafasi, yaliota tena na kuushika udongo. Uwanja wa shule si Kondoa, lakini kanuni ni moja: mzizi wa jani ni kamba ifungayo udongo.

Basi njia iliyo njema ni ya katikati. Majani yasiachwe kuwa marefu karibu na nyumba, maana marefu humficha nyoka, huwapa kupe mahali pa kungojea wanyama na watu, na yakikauka huwa kuni za moto wa porini. Wala yasing'olewe yote. Na yakatwe yawe mafupi, mizizi ibaki. Tusidhani, hata hivyo, kwamba kukata majani ndiko kuondoa malaria. Mbu wa malaria huzaliwa majini, kwa hiyo madimbwi yana dawa yake nyingine.

Ukoka ndio jani lifaalo kupita mengi kwa kazi hii. Hutambaa, hutia mizizi katika kila fundo, hustahimili kukanyagwa, na kila ukatwapo huzidi kushonana. Huenda mtu akasema kwamba mbuzi naye ni mashine ya kukata majani. Ni kweli, tena hajui kutu. Lakini mbuzi hana skrubu ya kumzuia: akimaliza ukoka huingia katika mchicha wa mwalimu.

ASILI YA MASHINE HII

Mashine hii ilibuniwa Uingereza na fundi mmoja jina lake Edwin Beard Budding, mtu wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire. Nchi ile ilikuwa na viwanda vingi vya kufuma nguo za sufu. Nguo ikitoka katika kufumwa huwa na manyoya yaliyosimama juu yake, na kiwandani palikuwa na mashine yenye visu vilivyozunguka, iliyoyanyoa manyoya hayo yakawa sawa. Budding aliitazama kazi ile akawaza: kama nguo yaweza kunyolewa, kwa nini uwanja usinyolewe? Mwaka 1830 alipata hati ya Serikali ya kuulinda ubunifu wake, na pamoja na mwenziwe John Ferrabee akaanza kutengeneza mashine hizo. Kabla ya hapo uwanja ulikatwa kwa miundu mirefu, na kazi hiyo ilitaka mafundi waliozoea.

Katika Afrika ya Mashariki mashine hizi ziliingia siku za ukoloni pamoja na bustani za maboma, za misheni, na viwanja vya michezo. Siku hizi ziko nyingine zenye injini, na nyingi katika hizo zina kisu kimoja kizungukacho kama feni na kuyapiga majani kwa mwendo wa kasi. Hiyo ni namna nyingine kabisa. Mazungumzo yetu ni juu ya ile ya zamani, ya ngoma ya visu, ambayo mtu mwenye spana, bisibisi, na subira aweza kuitunza mwenyewe kwa miaka mingi.

JINSI IKATAVYO

Ukitaka kuifahamu mashine hii, twaa kwanza mkasi. Mkasi una visu viwili. Ukichukua kimoja peke yake, hata kikiwa kipya, hukukatia nguo kwa shida. Lakini vikipishana huku vimegusana, hukata pasipo nguvu. Tena mkasi uliolegea katikati haukati ijapokuwa una makali: nguo hujikunja na kuingia katika nafasi iliyo baina ya visu.

Mashine yetu ni mkasi uliozungushwa. Visu vya juu, aghalabu 5 au 6, vimefungwa katika mhimili na kupindwa kidogo, navyo huitwa ngoma. Chini yake kipo kisu kimoja kilichonyooka, kisichozunguka, kilichofungwa katika kipande kinene cha chuma. Hicho ndicho kisu cha chini. Magurudumu yakiviringika yanapeleka nguvu katika magurudumu madogo ya meno, nayo huzungusha ngoma kwa haraka kuliko mwendo wa magurudumu yenyewe. Kila kisu cha ngoma hulikusanya jani, hulisukuma mpaka kwenye kisu cha chini, na hapo wawili hao hulikata. Kwa kuwa visu vimepindwa, havikutani na kisu cha chini kwa urefu wote mara moja, bali huanza upande mmoja na kumalizia wa pili, kama vile mkasi ufungwavyo.

Hapa ndipo penye siri yote. Mashine hii haikati kwa ukali wa kisu kimoja. Hukata kwa mapatano ya visu viwili. Yakiharibika mapatano, makali peke yake hayafai kitu. Kwa hiyo mashine ikikataa kukata, swali la kwanza si, "Je, ni butu?" bali ni, "Je, visu vyake vinagusana?"

Tena usikiangalie kisu cha ngoma ukadhani kwamba lazima kichongoke kama wembe. Ukingo wake wa nje una ubapa mwembamba, nao umewekwa hivyo kwa makusudi. Mtu akiuchonga kwa tupa kama achongavyo panga, anaharibu umbo la ngoma, na visu havitakutana tena sawasawa na kisu cha chini.

JARIBU LA KARATASI

Kabla ya kujaribu, sikiliza onyo. Visu vyote vya ngoma vimefungwa pamoja. Ukikisogeza kimoja, vyote vinakwenda, na kimojawapo chaweza kuwa karibu na kidole chako. Hata mashine isiyo na injini huweza kukata kidole. Kwa hiyo usizungushe ngoma kwa kushika visu. Tumia kijiti kigumu. Na wakati wa kufungua kitu chochote, ingiza kipande cha mti baina ya visu ili ngoma isizunguke. Watoto wadogo wawe mbali.

Sasa igeuze mashine, au iinue juu ya matofali, na uisafishe mpaka visu vyote vionekane. Tia alama ya chaki katika kisu kimoja cha ngoma ili ujue ulipoanzia. Kata vipande vya gazeti vyenye upana wa vidole viwili. Kipenyeze kipande kimoja baina ya kisu cha ngoma na kisu cha chini, kisha sukuma ngoma polepole kwa kijiti. Fanya hivyo upande wa kushoto, katikati, na upande wa kulia, kwa kila kisu.

Karatasi itakueleza ugonjwa wa mashine:

1. Ikikatika vizuri kila mahali, kama kwa mkasi, mashine yako ni nzima. Usiiguse. Itie mafuta, uende kazini.

2. Ikijikunja bila kukatika kila mahali, visu viko mbali. Yataka kurekebishwa.

3. Ikikatika upande mmoja na kujikunja upande wa pili, visu vimekwenda upande. Rekebisha upande ule usiokata.

4. Ikiwa visu vyote vya ngoma havikati mahali pamoja palepale, kisu cha chini kina pengo mahali hapo.

5. Ikiwa ni kisu kimoja tu cha ngoma kisichokata, na vingine vyakata, kisu hicho kimepindika au kimemegwa na jiwe.

6. Ikichanika na kuacha nyuzinyuzi ijapokuwa visu vinagusana, basi hapo ndipo penye ubutu wa kweli. Sasa waweza kusema habari za kunoa.

Uwanja wenyewe nao hutoa ushahidi. Jani lililokatwa vizuri huwa na ncha safi ya kijani. Lililochanwa huwa na ncha yenye nyuzi, na baada ya siku mbili hugeuka rangi ya kahawia, hata uwanja wote ukafanana na ulioungua.

KUREKEBISHA

Kila upande wa mashine, karibu na mwisho wa ngoma, utaona skrubu moja au mbili za kusogezea. Katika mashine nyingine husogezwa kisu cha chini kiende kwenye ngoma. Katika nyingine husogezwa ngoma iende kwenye kisu. Penye skrubu mbili, moja husukuma na ya pili huzuia. Legeza moja kwanza ndipo uikaze ya pili, la sivyo utaikata mizizi yake.

Kazi hii haitaki nguvu, bali yataka usikivu. Zungusha skrubu kwa kiasi kidogo, yapata sehemu ya 8 ya mzunguko mmoja. Kisha nenda upande wa pili ukafanye vivyo hivyo. Zungusha ngoma kwa kijiti, usikilize. Ikiwa kimya kabisa na karatasi haikatiki, ongeza kidogo. Ukisikia mlio mwembamba kama wa mnong'ono, ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho, umefika. Ukisikia kelele za chuma kukwaruzana na ngoma ikawa nzito, umezidisha. Rudi nyuma.

Watu wengi hukosea hapa. Waonapo mashine haikati, huikaza mpaka mwisho. Siku ile itakata, lakini msukumaji atatoka jasho kama alimaye, na visu vitakulana. Kilichotakiwa ni visu kugusana kama watu wapeanao mkono, si kama watu waoneshanao nguvu.

KUNOA

Ikiwa umerekebisha na karatasi bado yachanika, ndipo unoe. Iko njia moja iliyo salama ifaayo nyumbani, nayo ni kusaga visu vyenyewe kwa wenyewe kwa unga wa kunolea, huku ngoma ikizungushwa kinyumenyume.

Unga huo ni punje ndogo za kitu kigumu zilizochanganywa na mafuta mazito. Mara nyingi ni kabarundamu, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi huko Marekani katika miaka ya 1890, kazi ya bwana Edward Acheson. Usihangaike kuutafuta mbali. Mafundi wa magari huutumia kusagia valvu za injini, nao huuzwa katika makopo madogo penye maduka ya vipuri. Mchanga wa mtoni usiutumie kamwe: punje zake hazilingani, nazo zitachimba mifereji katika makali.

Fanya kazi kwa taratibu hii:

Kwanza, zuia ngoma kwa kipande cha mti, ukavue gurudumu la upande mmoja. Ndani yake utaona gurudumu dogo la meno, na kwenye mhimili kipo kichuma kidogo kifanyacho kazi ya kidole. Hicho ndicho kinachoshika mashine iendapo mbele, na kuteleza irudipo nyuma. Mlio wa "ta-ta-ta" unaousikia unapoivuta mashine ni wake. Kichuma hicho ni rahisi kupotea majanini. Fanyia kazi juu ya kitambaa, na upange kila kitu kwa mfuatano uliokitoa. Vya kushoto visichanganywe na vya kulia.

Pili, ondoa gurudumu dogo, na mwisho wa mhimili ufunge mkono wa kuzungushia. Kwa kuwa vichuma vile havishiki kinyume, kuivuta mashine nyuma hakuzungushi ngoma. Ndiyo sababu twahitaji mkono huo. Fundi wa baiskeli aweza kukutengenezea kwa kipande cha nondo.

Tatu, paka unga katika ukingo wa visu vya ngoma kwa brashi yenye mpini mrefu. Paka kidogo. Usiuache ufike kwenye mashikio ya mhimili, yaani beringi, maana utazisaga kama usagavyo visu.

Nne, zungusha kinyumenyume, taratibu. Mwanzo utasikia mlio wa kusaga. Baada ya dakika chache mlio utafifia, dalili ya kuwa unga umechoka na visu vimeachana kidogo. Kaza skrubu kidogo sana pande zote mbili, paka unga mwingine, endelea.

Tano, futa na utazame. Utaona mstari wa kijivu usiong'aa katika ukingo wa kila kisu. Mstari huo ukienea bila kukatika toka upande hata upande, katika visu vyote na katika kisu cha chini, umemaliza. Penye kuvunjika mstari, visu havijagusana bado.

Sita, osha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni, mpaka kusibaki hata chembe. Kausha upesi, tia mafuta, rudisha kila kitu mahali pake, rekebisha upya, na ufanye tena jaribu la karatasi.

Tupa ina kazi yake pia, lakini ndogo. Jiwe likiacha kinundu katika ukingo wa kisu, kiondoe kinundu tu kwa tupa laini, usiendelee. Kisu cha chini kikilika sana, kifungue kikabadilishwe au kisawazishwe na fundi mwenye mashine ya kusagia. Na ngoma ikiwa imelika upande mmoja kuliko wa pili, au ina mapengo makubwa, ipeleke kwa fundi wa karakana aisage juu ya mashine iliyonyooka. Kazi hiyo haifanyiki kwa mkono na jicho.

ADUI WATATU

Wa kwanza ni mchanga. Granaiti ikimumunyuka huacha punje ngumu zing'aazo kama kioo, ziitwazo kwatzi. Punje hizo ni ngumu kuliko chuma cha visu. Kwa hiyo kila kilima kidogo cha sisimizi na kila shimo la kuku uwanjani ni kinoo kibaya kikungojeacho. Kabla ya kukata, wanafunzi wajipange mstari mmoja wauvuke uwanja wakiokota mawe, vijiti, mifupa na vizibo vya chupa. Dakika 10 za kuokota huokoa siku nzima ya kunoa.

Wa pili ni kutu. Majani yana maji. Yakiachwa yameganda juu ya visu usiku kucha, asubuhi utaona rangi nyekundu. Kila umalizapo kazi, futa majani kwa brashi kavu, pangusa visu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ndipo uiweke mashine. Usiimwagie maji ya ndoo: maji huchukua mchanga na kuupeleka ndani ya meno.

Mafuta nayo yataka akili. Mafuta ya injini au ya cherehani ni mema: matone mawili katika kila tundu la mashikio ya ngoma kabla ya kazi. Ndani ya magurudumu ya meno tia grisi kidogo mara moja kwa msimu, baada ya kuondoa ile ya zamani. Mkoa wa Singida una sifa ya alizeti, na mafuta yake ni mema sana jikoni. Lakini mashineni hayafai. Yakikaa kwenye hewa hugeuka kuwa kama gundi, nayo gundi hushika vumbi. Wala usitie mafuta kwa wingi ukidhani ni wema. Mafuta yaliyozidi hukusanya mchanga, na mchanga na mafuta ni ule unga wa kunolea tuliousema, ila sasa unasaga mahali usipopataka.

Wa tatu ni mchwa. Mashine nyingi zina mpini wa mti na gogo la mti liviringikalo nyuma yake. Ukiiacha mashine juu ya udongo kwa miezi ya kiangazi, siku ya mvua ya kwanza utaushika mpini ukakuvunjikia mkononi kama biskuti.

KAZI UWANJANI

Ngoja umande ukauke. Majani yaliyolowa hujikunja na kujaza ngoma. Kama yamepita urefu wa goti, usiipe mashine kazi isiyo yake: yapunguze kwanza kwa fyekeo, kisha baada ya siku chache pitisha mashine. Fyekeo na mashine ni ndugu. Mmoja huanza na mwenziwe humaliza.

Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilinyoa lote, mzizi hulala njaa. Ukoka ukiachwa wenye kimo cha sentimita 3 hadi 4 hufunika udongo na kuukinga na jua. Sukuma kwa mwendo wa kutembea, bila kukatiza, na kila mstari ufunike kidogo ule uliotangulia. Wiki hii ukienda toka mashariki kwenda magharibi, wiki ijayo nenda toka kaskazini kwenda kusini, majani yasizoee kulala upande mmoja. Yaliyokatwa, yakiwa mafupi, yaache palepale. Yataoza na kuwa mbolea.

Jambo moja zaidi: mashine ikikwama ghafula, usiilazimishe. Simama, tia kijiti, tazama. Aliyeisukuma kwa hasira amekwisha vunja meno ya gurudumu, na meno hayaoti tena.

WAKATI WA KIANGAZI

Mvua ikikoma, ukoka husimama kukua, na mashine hupumzika. Usiendelee kuyanyoa majani yaliyokauka, maana ndiyo blanketi ya udongo mpaka mvua nyingine. Safisha mashine kabisa, chunguza visu kwa karatasi, andika katika daftari kilichoharibika, na upeleke kwa fundi mapema. Legeza skrubu kidogo ili visu visigusane. Paka visu mafuta mazito. Iweke juu ya matofali au uitundike ukutani, mbali na udongo, na mpini uufute kwa mafuta ya injini yaliyotumika.

Mwisho, ni vema mashine iwe na mtu wake. Chombo cha watu wote ni rahisi kuwa chombo kisicho na mwenyewe: kila mtu hukitumia, na hakuna akifutaye. Shule na ichague wanafunzi wawili wakubwa pamoja na mwalimu mmoja. Wafundishwe jaribu la karatasi, wakabidhiwe spana, chupa ya mafuta na daftari. Wanapomaliza shule, wawafundishe wawili wengine kabla hawajaondoka. Hapo mashine itadumu kupita madarasa mengi, na elimu ya kuitunza itakwenda pamoja na wanafunzi mpaka majumbani mwao, kwenye cherehani, baiskeli, na kinu cha kusagia nafaka. Maana vyombo hivyo vyote vina sheria hiyohiyo: viweke safi, vipe mafuta kwa kiasi, na usikaze kwa nguvu kile kitakacho kukazwa kwa akili.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Mkasi na mashine ya kukatia majani vinafanana katika jambo gani?
2. Karatasi ikikatika upande wa kulia na kujikunja upande wa kushoto, utafanya nini?
3. Kwa nini mafuta ya alizeti hayafai kutiwa mashineni?
4. Eleza sababu mbili za kukata majani badala ya kuyang'oa.
5. Mchanga wa granaiti huharibuje visu, na utauzuiaje?